Mkalimani na Neno la Mutama

Hakuwahi kujibu jambo kabla ya kulirudia. Ukimwambia, "Mzee, mvua inakuja," angekutazama kupitia miwani yake iliyofungwa kwa uzi wa nailoni, akasema, "Umesema kwamba mvua inakuja," kisha angengoja uitikie kwa kichwa ndipo atoe la kwake. Katika soko la Luberizi wauza mchele walimwona akija wakajifanya wanafunga magunia. Mmoja wao, mama mwenye sauti kali, alimkemea mbele yangu.

"Mzee, minye nimesema mara mbili! Unataka tuandike?"

"Weye unajua kusema," alimjibu bila kukasirika. "Kama umesikiwa, hilo haujui bado."

Tulimwita Mkalimani, na sidhani kwamba nusu ya kijiji ilijua jina alilobatizwa. Kifuliiru kilikuwa lugha ya mama yake. Kirundi alikipata kwa majirani, akichunga ng'ombe pamoja na watoto wao katika bonde la Ruzizi. Kiswahili na Kifaransa alivipata misheni. Kwa lugha hizo nne alikula ugali wake tangu siku za mwisho za Wabelgiji hadi siku za mashirika yanayokuja na magari meupe yenye bendera. Alitafsiri misa, vikao vya mipaka ya mashamba, mazungumzo ya mahari na maneno ya madaktari. Alikuwa na kiburi cha kazi yake. Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari alinisahihisha Kifaransa changu kwa kunigonga vidole na ncha ya kalamu, na hakunisifu hata siku moja.

Ili mtu huyu aeleweke, sina budi kueleza kwanza kijiji chetu kilijivunia nini.

Ni kijiji kidogo. Dereva aendaye Bukavu hukipita kabla hajamaliza kubadilisha gia. Lakini kilikuwa na hadithi yake, na watoto waliijua kabla ya kujua hesabu ya kuzidisha. Katika miaka ya pamba ya lazima, agronomu Mbelgiji, bwana shamba wa serikali, alifika kukagua mashamba na kuwaadhibu walioshindwa kutimiza kipimo. Mzee wa kijiji, ambaye wote walimwita Mutama, neno la Kirundi lenye maana ya mzee, alisimama mbele yake na kutamka neno ambalo hakuna mtu wa bonde lile aliyekuwa amelitamka mbele ya mzungu: uhuru. Umati ukapiga vigelegele. Askari walipokuja kumchukua, lori lao lilikataa kuwaka mpaka Mutama mwenyewe alipoligonga mlangoni na kuliambia, "Haya, twende." Pale aliposimama, pamba haikuota tena. Alifia gerezani, mbali, na mwili wake haukurudishwa. Na kijiji kikasema haukurudishwa kwa sababu uhuru hauzikwi.

Kila tarehe thelathini ya mwezi wa sita, sikukuu ya uhuru wa nchi, hadithi hiyo ilisimuliwa mbele ya shule. Binti wa Mutama, ambaye alikuwa angali mtoto wa kubebwa begani baba yake alipochukuliwa, aliketishwa katika kiti cha mikono kilichoazimwa kanisani. Sahani ya kwanza ilikuwa yake. Maskini yule mama, aliyelima mpunga wa watu mwaka mzima, siku hiyo alinyoosha shingo na kukaa kama mke wa gavana.

Mkalimani alikuwamo katika hadithi kwa mstari mmoja tu: "Mutama akasema kwa kinywa cha kijana mmoja wa misheni." Kijana huyo alikuwa yeye. Na katika miaka yote niliyomjua hakuhudhuria sherehe ile hata mara moja. Siku hiyo alikwenda kupalilia, hata kama hapakuwa na magugu. Neno uhuru lenyewe hakulitamka. Alisema "ile siku ya mwezi wa sita", na wageni walipolitamka katika mikutano alilitafsiri kwa mzunguko mrefu: "hali ya kutotawaliwa na wengine". Watu walidhani ni madaha ya mtu aliyesoma.

Usahihi wake ulikuwa wa kuchekesha na wa kutisha. Nakumbuka mazungumzo ya mahari ya binamu yangu. Wenyeji walikuwa wasemaji wa Kirundi, na wageni walitoka milimani na Kifuliiru chao. Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka mjomba wa bwana harusi alipomwinamia jirani yake na kumnong'oneza kwamba ng'ombe wao wamenenepa kuliko binti anayeombwa. Mkalimani aliinuka akalitafsiri hilo pia, kwa sauti ileile ya salamu.

Nyumba ililipuka kwa makelele. Mjomba alisimama akitetemeka.

"Mzee! Hiyo nilisema pembeni ya mudomo!"

"Mudomo wako iko na pembeni?" Mkalimani alimuuliza. "Minye naona mumoja tu."

Nyanya wa bibi harusi ndiye aliyeiokoa ndoa ile. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Basi mulete izo ng'ombe zenye kunenepa tuzione! Binti tutamunenepesha kwa maziwa yao." Tangu siku hiyo familia za pande zote zilimtaka yeye na si mwingine, kwa kuwa hakuna aliyeweza kudai baadaye kwamba alidanganywa. "Minye ni mudomo," alipenda kusema. "Siyo sukari."

Lakini mdomo usio na sukari unaweza kuua. Bibi yangu mzaa mama alipougua, tulimpeleka hospitali ambako daktari mgeni alizungumza Kifaransa pekee, naye Mkalimani akaitwa. Daktari alisema maneno machache. Mama yangu, aliyejua Kifaransa cha kutosha kuelewa, alimshika Mkalimani mkono na kumwomba kwa sauti ya chini, "Mzee, umwambie tu atapata dawa." Bibi alikuwa akiwatazama wote wawili. Mkalimani akautoa mkono wa mama kwa upole, akainama, na kumwambia bibi kwa Kirundi safi, "Daktari anasema ugonjwa huu hautapona." Bibi aliugeukia ukuta. Hakula tena kwa hamu mpaka alipokufa.

Mama hakumsalimu kwa miaka miwili. Nami nilimchukia, kama vijana wanavyochukia, kwa moyo wote na bila swali. Lililonishangaza ni kwamba mtu huyohuyo, nje ya kazi yake, alisema uongo mdogomdogo kutwa nzima. Alidanganya kuhusu umri wake. Alimwambia mke wake kwamba amekula kwa majirani ili yeye ashibe. Alimwambia padri kwamba magoti yanamuuma ili asipige magoti. Katika maneno yake mwenyewe hakuwa na usahihi wowote. Ni maneno ya wengine tu ndiyo hakuthubutu kuyagusa.

Sababu yake niliijua nilipokuwa nikimaliza masomo ya historia huko Bukavu na kurudi nyumbani kukusanya masimulizi kwa ajili ya tasnifu yangu. Niliamini, na bado naamini, kwamba kijiji kisichojiandikia kitaandikwa na wengine. Nilikuwa nimewahoji wazee tisa, na wote tisa walinipa hadithi ileile pamoja na lori lake. Nilimfuata Mkalimani shambani mchana mmoja. Alikuwa ndani ya maji ya mpunga hadi magotini. Nilimsomea niliyoyaandika.

"Umeandika kwamba Mutama alisema neno lile," alirudia.

"Ndiyo, Mzee. Wote wanasema hivyo."

"Hakulisema."

Alitoka majini, akaketi juu ya tuta, akanisimulia. Mutama alizungumza Kirundi, na agronomu alijua Kiswahili lakini Kirundi hakukijua. Mwaka ule watu walikuwa wamechoka kupita kiasi, ardhi nayo pia. Mutama hakwenda kumpinga mtu. Alivua kofia, akaomba. Alisema, "Mutureke turuhuke." Mtuache tupumzike. Msimu mmoja tu.

"Turuhuke," Mkalimani alirudia, akiiweka kila silabi mbele yangu. "Na minye nikageuka kwa mzungu, nikasema, 'Wanasema wanataka uhuru.'"

Nilisikia maneno yale mawili yakigongana kichwani mwangu, ruhuka na uhuru, na nikaelewa jinsi sikio la kijana mmoja lingeweza kuteleza kutoka moja hadi jingine.

"Ulisikia vibaya, Mzee."

"Siku zingine ninasema nilisikia vibaya. Wakati ule wafanyabiashara waliotoka ng'ambo ya mto walikuwa na neno lile midomoni kila siku. Lilikuwa limejaa katika masikio yangu." Alifuta miwani yake kwa shati lililolowa, akaichafua zaidi. "Na siku zingine ninajua nilisikia vizuri. Nilikuwa kijana. Niliona aibu kwamba muzee wetu anamuvulia ule mutu kofia. Nikataka aseme kitu kikubwa. Basi nikakisema mahali pake."

"Ipi ndiyo kweli?"

"Hilo nimejiuliza tangu kabla mama yako hajazaliwa."

Umati ulimwelewa Mutama. Lugha ilikuwa yao. Lakini wengi walijua Kiswahili pia, na walipolisikia neno lile likipaa mbele ya mzungu, vigelegele vilitoka kabla ya fikra. Uso wa agronomu ulibadilika rangi. Mutama alimtazama kijana, kisha akautazama umati unaomshangilia, na hakusema kitu zaidi. Siku ya tatu askari walikuja. Na ilipojulikana kwamba hatarudi, wale waliosikia ombi lake walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Nadhani nawaelewa. Aliyekufa kwa kuomba mapumziko ni msiba mtupu. Aliyekufa kwa kudai uhuru anaweza kuwalea wajukuu kwa fahari. Walichagua, na baada ya kizazi kimoja hapakuwa na aliyejua kwamba kulikuwa na uchaguzi.

"Binti yake anajua?" niliuliza.

"Hapana. Na ninataka ajue kabla sijafa. Minye mwenyewe nimwambie, siyo kitabu."

Tangu siku hiyo jambo lile likawa letu sote wawili. Nilimsihi aende mara moja. Nilikuwa na umri wa mtu anayedhani ukweli ukishajulikana kazi imekwisha. Aliniomba kwanza nimpeleke kwa kapita, mkuu wa kijiji chetu, kwa kuwa jambo la kijiji huanza kwa mkuu wake. Kapita alitusikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akaketi tena.

"Mzee, nakuheshimu kama baba yangu," alisema. "Lakini unajua bonde iko namna gani sasa. Juzi tu ng'ombe zimeingia mu mashamba, watu wakashika mapanga. Weye mama yako alikuwa Mufuliiru. Mutama alikuwa Murundi. Kesho kijana moja mwenye pombe atasema: 'Munaona? Bafuliiru njo waliuza baba yetu.' Hatasema kijana alikosea neno. Atasema kabila."

"Nilikuwa nimetahiriwa majuzi tu," Mkalimani alisema. "Kabila gani ilikosea? Sikio."

"Minye najua. Weye unajua. Panga haijui."

Kisha alinigeukia. "Na weye, mwanangu, usiandike hiyo. Utaandika Bukavu, na sisi tutazikana hapa."

Sikuandika. Ninaliungama hilo hapa kwa sababu sina haki ya kumchora mtu mwingine huku nikijificha. Katika tasnifu yangu Mutama anatamka uhuru, lori linakataa kuwaka katika tanbihi, na waliosoma walinipongeza. Mkalimani alipoona nakala aliisoma yote, mpaka orodha ya vitabu. Aliirudisha akasema tu, "Kifaransa chako kimekuwa kizuri." Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, na ilinichoma kuliko ncha ya kalamu.

Basi alingoja. Aliishi nyumba nne kutoka kwa binti wa Mutama na alingoja bonde litulie. Wakati wa mavuno alimpelekea debe la mpunga, na yule mama alilipokea akidhani ni heshima ya kijiji kwa baba yake. Alimwita "kaka". Mara kadhaa nilimwona Mkalimani akisimama kwenye ua wake na kuvuta pumzi ya mtu anayetaka kuanza sentensi. Kisha angeuliza kuhusu mbuzi.

Bonde halikutulia. Kijiji chetu kilikimbia mara moja, kikarudi, kikakimbia tena, na mara ya mwisho hakikurudi. Shule haina paa. Watu walitawanyika: wengine ng'ambo ya mto, wengine Uvira, katika mitaa iliyokuwa tayari imebanwa kati ya milima na ziwa linalopanda na kula nyumba za chini. Mkalimani alipata chumba Kilibula, mmoja wa mitaa hiyo, kwa mpwa wake. Mke wake alifia njiani, na hilo hakulizungumza. Kisha homa ndefu ilimshika, wakamtundikia chupa za kinini, dawa kali ya malaria, siku nyingi, na alipoinuka alikuwa hasikii tena. Aliyeishi kwa masikio alibaki na macho na daftari. Ulimwandikia, akasoma, akakutazama midomo, akajibu kwa sauti kubwa mno kama mtu anayeita ng'ambo ya maji.

Nilimtembelea mwaka huu, wakati wa kiangazi, mimi mwenyewe sasa nikiwa mwalimu. Alikuwa amekonda hata miwani ilimzidi uso. Hakunisalimu.

"Yuko hapa Kilibula," alisema. "Binti yake. Mpwa wangu amemwona. Hakuna kijiji sasa. Hakuna kapita. Umulete."

Niliandika: Una hakika?

"Ninakufa, mwalimu. Mulete kesho."

Binti wa Mutama alikuja asubuhi, akiegemea bega langu, akapewa kiti cha plastiki mlangoni. Uani mke wa mpwa aligeuza ndagala waliokuwa wakikauka juu ya wavu. Mkalimani alikaa kitandani mwake, mikono juu ya magoti, akamweleza kila kitu kwa Kirundi, kwa sauti yake ile kubwa ya kiziwi, hata mwanamke wa uani aliacha samaki wake. Hakujitetea. Alisema kuhusu sikio lake na alisema kuhusu aibu yake ya ujana, akamwambia kwamba hajui ipi kati ya hizo mbili ilimuua baba yake.

Nilimuuliza mama yule, kwa tamaa ambayo sasa naiona, kama pengine baba yake alijua Kiswahili kidogo. Kama alijua, basi alilisikia neno na kuliacha lisimame, na lingekuwa lake.

"Hata 'jambo' hakujua," alinijibu. "Mama yangu alisema hivyo mpaka alipokufa. Alikuwa akishangaa baba alilitoa wapi lile neno."

Mkalimani alituangalia midomo, mmoja baada ya mwingine. "Muulize kama ananisamehe," alisema. "Weye utaandika."

Nilimuuliza, ingawa alikuwa amesikia. Yule mama aliinua uso.

"Oya," alisema.

Hapana, kwa Kirundi. Silabi mbili. Nilichukua kalamu. Mbele yangu alikuwa mzee aliyebakiwa na siku chache, na nilimkumbuka bibi yangu akiugeukia ukuta. Niliandika kwa herufi kubwa: AMESEMA AMEKUSAMEHE. Nikamgeuzia daftari.

Alilisoma. Kisha alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama hata nilipokosea Kifaransa.

"Mdomo wake umefunguka mara moja ukafungika," alisema. "Ulichoandika ni kirefu."

Nilishindwa kuinua macho.

"Andika alichosema."

Niliandika: Oya. Alikiangalia kineno kile kwa muda, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyefikishiwa barua yake.

Nilidhani mama yule angesimama aondoke. Hakusimama. Alianza kusema, kwanza polepole, kisha bila kituo. Alisema kwamba baba yake, kama mama yake alivyomsimulia, alirudi kutoka shamba la pamba akiwa hawezi hata kuketi kwa uchovu, watu wawili wakamlaza. Alisema kwamba kitu pekee baba alichokiomba maishani kilikuwa kulala msimu mmoja, na hata ombi hilo alinyang'anywa mdomoni. "Na minye nimeketi mu kiti gani miaka hii yote?" aliuliza. "Kiti cha nani?" Alisema angependa kuwa binti wa mtu aliyechoka, kwa kuwa mtu kama huyo yeye angemtambua. Mengine aliyoyasema yalikuwa makali kuliko hayo, na siyarudii hapa, lakini siku ile niliyaandika yote kama yalivyotoka, bila kupunguza wala kuongeza, mkono ukiniuma. Mkalimani alisoma kila mstari kidole kikiwa chini ya neno, na kila alipofika mwisho wa ukurasa aliufunua mwenyewe, akanirudishia daftari niendelee.